Chanda na pete hupatana, pete na pete hugombana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme machache na wachumba wanaotafuta pete ya ndoa ya kuvaliwa pamoja na ile ya uchumba, na vilevile na masonara wenzangu wanaowauzia. Waswahili husema wawili wasioachana ni chanda na pete. Hawakusema pete na pete, na nadhani walijua walichokiacha: pete mbili zikikaa kidole kimoja husuguana kutwa, na zisipopatanishwa mapema, moja huila nyingine.

Kosa linaloanzisha yote ni kuchagua pete ya ndoa huku pete ya uchumba ikiwa nyumbani. Mteja huja na picha kwenye simu. Picha imepigwa kwa juu, jiwe linang'aa, rangi ya dhahabu imependeza, na sonara, kwa kuogopa kumpoteza mteja, anatoa trei ya pete zinazoelekeana na picha. Wiki kadhaa baadaye pete zinakutana kidoleni kwa mara ya kwanza na hazikai. Pete ya uchumba huchaguliwa kwa uso wake, na hapo sina ugomvi. Pete ya ndoa inayoifuata huchaguliwa kwa ubavu wa ile ya kwanza, na ubavu hauonekani kwenye picha.

Ishike pete ya uchumba usawa wa jicho, uitazame kwa upande. Utaona duara linalozunguka kidole, na juu yake kichwa kinachobeba jiwe. Unatafuta mambo mawili: kichwa kimetokeza kiasi gani nje ya duara, na hapo kinapoanza kutokeza ni juu kiasi gani kutoka kwenye ngozi. Almasi ya mviringo ya karati moja ina kipenyo cha milimita 6.5 hivi. (Hiyo ni karati ya uzito wa jiwe, yaani gramu 0.2, karati ya usafi wa dhahabu ni habari nyingine, na kufanana kwa majina kumewachanganya wengi.) Duara likiwa na upana wa milimita 2, jiwe limelizidi kwa milimita 4.5, nusu kila upande, yaani 2.25. Kama jiwe hilo limezungushiwa ukuta wa dhahabu na kukalishwa chini kabisa karibu na kidole, pete ya ndoa iliyonyooka itasimama milimita 2.25 mbali na duara, na unene wa ukuta juu yake. Hata uisukume vipi, haitasogea zaidi ya hapo. Lakini jiwe lilelile likiinuliwa juu ya makucha, yaani vijino vya madini vinavyolishika, na kitako chake kikawa na upana wa milimita 3 tu, kinachozidi huko chini ni nusu milimita kila upande, na pete ya ndoa itapita chini ya jiwe ikakaribia kulala bega kwa bega na mwenzake.

Itapita iwapo unene wake unaruhusu. Pete nyingi za ndoa zilizotengenezwa vizuri zina unene wa milimita 1.5 hadi 1.8, kupima kutoka upande wa ngozi hadi upande wa nje. Kwa hiyo chini ya jiwe panatakiwa nafasi ya kama milimita 2, ili ibaki hewa kidogo kati ya pete na makucha. Nafasi ikiwa 1.6 na pete ikawa 1.8, utaiona imetulia vizuri ukiwa umenyoosha mkono dukani; ukikunja ngumi inapanda na kugonga makucha kwa chini.

Asiye na kalipa, kifaa cha kupimia unene na mapengo madogo, ana kadi ya benki. Unene wake ni milimita 0.76, na hiyo inatosha kwa kazi hii. Vaa pete ya uchumba, weka pembeni yake pete yoyote iliyonyooka ya kujaribia, kisha ingiza ukingo wa kadi kwenye pengo. Isipoingia, pete zinakutana. Ikiingia moja, watu wengi hawataliona pengo mpaka waonyeshwe. Zikiingia tatu, pengo limepita milimita 2 na ngozi inaonekana. Hapo mwenye kidole aamue mwenyewe kama linamkera.

Pengo si aibu. Wapo wanaolipenda, na kiufundi pengo safi ni salama kuliko pete mbili zinazogusana nusunusu. Hatari iko kwenye mguso wa sehemu moja: pete ya ndoa imeacha duara lote, imegusa ukucha mmoja tu wa kichwa. Kila mkono unapofungua mlango, unaposhika usukani au kukamua nguo, ukucha huo unasukumwa. Unalika, unapinda, na jiwe linaanza kucheza. Njia ya kulijua mapema ni rahisi: shika pete karibu na sikio, igonge taratibu kwa kidole. Jiwe lililokaza halitoi sauti. Lililolegea linatoa mlio mdogo mkavu, kama punje ya mchanga ndani ya kibuyu. Ukiusikia, vua pete siku hiyohiyo.

Kichwa kikiwa chini na pengo hulitaki, dawa ya kwanza ni pete ya ndoa iliyopindwa kufuata jiwe. Kwa jiwe la mviringo hupindwa kwa upole. Kwa jiwe lenye ncha, kama la umbo la tone, hupindwa kama herufi V. Njia nyingine ni kuiacha pete iwe nyooka lakini ichongwe kibonde kidogo pale kichwa kinapokaa. Hapo mteja aulize swali moja: mahali pa kibonde panabaki upana gani? Pete ya milimita 2.5 ikichongwa milimita 1.5, kilichobaki ni 1, na hapo ndipo itakapokatikia. Nashauri pasibaki chini ya milimita 1.5, hata kama itabidi pete nzima iongezwe upana.

Pete iliyopindwa haichaguliwi kwenye trei. Hutengenezwa juu ya pete ya uchumba yenyewe, ambayo lazima iachwe kwa sonara au ichukuliwe alama ya umbo lake. Na kabla ya hapo pete ya uchumba iwe imesharekebishwa ukubwa, kwa sababu ukiipanua au kuibana baadaye, mpindo wa duara lake hubadilika na ile pete ya ndoa uliyoilipia ifuate umbo la zamani haitakaa tena. Utaratibu huu hugeuzwa mara nyingi kuliko inavyostahili.

Kuna watu nisingewauzia pete iliyopindwa: wauguzi, wapishi, mafundi wa magari, yeyote anayevua pete ya jiwe akiwa kazini na kubaki na ya ndoa peke yake. Ikiwa peke yake, pete iliyopindwa huonekana kama iliyokanyagwa na gari, tena huzunguka kidoleni kwa kukosa kichwa cha kuishikilia. Hao wachukue iliyonyooka na wakubali pengo.

Sasa madini. Angalia ndani ya pete ya uchumba, kwa lenzi kama macho hayafiki, utafute mhuri. 750 ni dhahabu ya karati 18, yaani sehemu 750 za dhahabu katika 1000. 585 ni karati 14. 375 ni karati 9, na 916 ni karati 22. Platinamu mara nyingi huandikwa 950. Chukua pete ya ndoa ya madini yaleyale na mhuri uleule, usipokuwa na sababu ya kufanya vingine. Dhahabu ya njano ya karati 18 ina unjano mzito kuliko ya 14, na zikilala pamoja tofauti hiyo huonekana kama kosa. Ndiyo maana anayetaka rangi mbili namshauri azitofautishe waziwazi, njano kwa nyeupe au nyekundu kwa nyeupe. Tofauti kubwa husomeka kama chaguo. Tofauti ndogo husomeka kama ulishindwa kupata inayofanana.

Dhahabu nyeupe ina mtego wake. Weupe ule unaoonekana dukani kwa kawaida si wa dhahabu, ni wa rodiamu, madini mengine meupe yaliyopakwa juu kama utando mwembamba sana. Kwa mtu anayevaa kila siku, utando huisha ndani ya mwaka mmoja au miwili, ukianzia upande wa kiganja, na chini yake hutokea kijivu chenye unjano. Sasa mchumba aliyevaa pete yake miaka miwili akiilinganisha na pete mpya ya ndoa, ataona rangi mbili na kudhani ameuziwa dhahabu ya bandia. Hajaibiwa. Pete zote mbili zing'arishwe na kupakwa rodiamu siku moja, ndipo zilinganishwe. Na ajue kazi hiyo itarudiwa. Asiyetaka kurudi kwa sonara achukue platinamu, ambayo weupe wake ni wake mwenyewe, japo umeegemea kijivu. Ni nzito pia: pete ya platinamu yenye umbo lilelile huizidi ya dhahabu ya karati 18 kwa karibu theluthi, na wapo wanaoupenda uzito huo na wapo wanaouchoka. Platinamu huchubuka, lakini metali yake husogea pembeni mwa mchubuko badala ya kupotea, ndiyo sababu huzeeka kwa kufifia zaidi kuliko kwa kukonda. Mwenye ngozi inayowasha akivaa dhahabu nyeupe aulize kama imechanganywa na nikeli. Ipo inayochanganywa na paladiamu.

Wengine huvutiwa na tungsteni au titaniamu kwa kuwa hazichubuki upesi. Kwa pete ya kuvaliwa peke yake, sina neno. Kandokando ya dhahabu, tungsteni ni tupa. Tena pete ya tungsteni haipanuliwi wala haibanwi: kidole kikibadilika, inanunuliwa nyingine.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hasara kubwa inatokea kwenye vijiwe vya pete. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs almasi ina 10, yakuti 9, zumaridi 7.5 hadi 8, opali 5.5 hadi 6.5, lulu 2.5 hadi 4.5, na dhahabu ya vito iko karibu na 3. Kilicho juu hukikwaruza kilicho chini. Pete ya ndoa yenye almasi ndogondogo inapendeza sana pembeni ya pete ya jiwe moja, lakini kama vijiwe vimeshikwa kwa makucha madogo na mbavu zake ziko wazi, kingo zake hukata duara la pete ya uchumba. Vua pete hizo baada ya miaka michache uziangalie kwa lenzi: kwenye ubavu wa dhahabu utaona vijimifereji sambamba, kimoja kwa kila almasi, kana kwamba mtu alipitisha msumeno wenye meno madogo. Dhahabu hiyo imekwenda, hairudi kwa kung'arisha. Kung'arisha kunapunguza nyingine.

Kinga zipo. Vijiwe vikilazwa ndani ya mfereji, katikati ya kingo mbili za dhahabu, kinachogusa pete ya jirani ni dhahabu kwa dhahabu. Au iwekwe pete nyembamba isiyo na jiwe katikati ya hizo mbili, iwe ndiyo ya kulika. Ikichoka inabadilishwa bila machozi. Au duara la pete ya uchumba nalo liwe na vijiwe, jambo ambalo watu hulidhani ni suluhisho na si suluhisho kamili, maana almasi kwa almasi zinaweza kumegana kingo. Na mwenye pete ya uchumba ya lulu au opali achukue pete ya ndoa isiyo na jiwe lolote. Almasi jirani na lulu ni kumfungia paka banda moja na kifaranga.

Pete iliyozungushiwa almasi duara zima ina tatizo la pili: haina mahali pa kukatwa. Ili kuongeza ukubwa, sonara hukata upande wa kiganja na kupachika kipande. Vijiwe vikiwa kote, hakuna pa kukata bila kuvunja mpangilio. Tena vya upande wa kiganja hupigwa na kila unachokishika. Vijiwe nusu duara vinaonekana vilevile mkono ukiwa mezani, na sehemu ya chini inabaki dhahabu tupu ya kufanyia kazi. Sijui kwa nini duara zima linaendelea kuuzwa kwa watu ambao hata kidole chao hakijapimwa sawasawa.

Nako kupima ni somo. Uzi hurefuka ukivutwa, na hausemi lolote kuhusu kifundo cha kidole ambacho pete lazima ikipite. Tumia pete za kupimia. Pima jioni, mwili ukiwa na joto la kawaida, siyo umetoka kukimbia wala kuosha vyombo kwa maji ya baridi, na rudia siku mbili tatu tofauti, kwa sababu kidole hicho hicho huweza kubadilika nusu saizi. Katika vipimo vya Marekani, saizi moja ni tofauti ya kama milimita 0.8 ya kipenyo, au 2.5 ya mzingo; nusu saizi basi ni milimita 0.4 tu. Saizi 6 ina kipenyo cha ndani cha milimita 16.5 na saizi 7 ina 17.3. Kwa kuwa kila nchi ina namba au herufi zake, andika kipenyo cha ndani kwa milimita na hutapotezwa na yeyote.

Jambo linalosahaulika ni kwamba pete mbili ni pete moja pana. Mwenye pete ya uchumba ya milimita 2 akiongeza ya ndoa ya 4, ngozi yake sasa imebanwa kwa upana wa milimita 6, na nyama haina pa kukimbilia. Saizi iliyomtosha na pete moja itambana na mbili, hasa usiku na nyakati za joto. Ajaribu na pete ya kupimia pana kama jumla ya zote mbili. Kwa upana huo huongezwa robo hadi nusu saizi. Pete nzuri hupita kifundo kwa kusitasita kidogo na hutoka kwa kuzungushwa. Mwenye kifundo kikubwa na shina jembamba asipewe pete kubwa ya kupita kifundo kisha ikazunguka kama bangili. Sonara anaweza kuweka punje mbili ndogo za dhahabu upande wa ndani, chini, zikaishikilia.

Upana wa pete ni suala la macho, sina mengi: kwa duara la milimita 2, pete ya ndoa ya 2 hadi 2.5 hukaa vizuri, na anayependa pana zaidi avae. Unene ndio usiochezewa. Njia rahisi ya kupunguza bei ni kuikondesha pete, na mteja haoni kwa sababu kwa juu upana ni uleule. Pete ya unene wa milimita 1 hugeuka yai kwa kubeba ndoo na mifuko mizito. Mabega ya pete zote mbili nayo yalingane: ya ndoa ikisimama juu kuliko duara la jirani, ukingo wake ndio utakaosugua.

Wanaouliza kuhusu kuzilehemu pete ziwe moja: ni wazo zuri, lakini si siku ya kwanza. Zikilehemiwa hazisuguani, hazizunguki kila moja kivyake, na pengo halitanuki. Lakini ukubwa lazima uwe uleule, huwezi tena kuvaa moja, na kuzitenganisha kunaacha kovu la kung'arishwa. Zivaliwe miezi kama mitatu kwanza. Na kama kuna lulu, opali au zumaridi, sonara asisogeze moto. Kama ana mashine ya leza, atumie hiyo, au jiwe litolewe kwanza. Maandishi ya ndani yawe kazi ya mwisho kabisa, baada ya kidole kuthibitisha saizi, kwa sababu kukata na kupanua hupita katikati ya majina ya watu.

Ombi langu kwa masonara wenzangu ni risiti. Tuandike madini na mhuri, kipenyo cha ndani, upana, unene, na kama pete inaweza kurekebishwa au haiwezi. Mistari mitano tu. Fundi atakayeishika pete hiyo miaka kumi baadaye atajua aanzie wapi, na mteja atakuwa na cha kuonyesha akiambiwa alichonunua sicho. Na mteja akiingia na picha kwenye simu, tumpe kiti na maji ya kunywa, tumwombe arudi kesho na pete yenyewe.

Wako,
Sonara, msomaji wa gazeti lako